Kichanga Anapolia: Historia ya Chupa, Saa na Mbeleko

Mwezi wa Desemba mwaka juzi dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kike hapa Kampala. Yeye na mume wake walikuwa wakiishi katika chumba kimoja cha kupanga, na shemeji yangu alikuwa mlinzi wa usiku. Wiki mbili za kwanza zilikuwa shwari. Wiki ya tatu mtoto akaanza kulia kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Alikunja ngumi, akavuta magoti tumboni, akalia mpaka sauti ikakauka. Zahanati walimpima wakasema hana homa, ananyonya vizuri na uzito unaongezeka. Majirani waligonga ukuta. Mmoja wao alileta chupa ndogo kutoka duka la dawa akasema, "Mpe kijiko kimoja tu, atalala."

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili, na katika somo la fasihi simulizi tulikuwa tukijadili methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nilipomtembelea dada jioni moja nilimkuta ameketi sakafuni, mtoto analia na yeye analia. Nikajiuliza kama methali ile ilimhusu. Swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba. Makala hii inaeleza jinsi watu wa nyakati na mahali mbalimbali walivyojaribu kumtuliza mtoto mchanga anayelia bila ugonjwa. Hoja yangu ni kwamba dawa na kanuni nyingi zilizobuniwa zilitokana na hali ya mlezi kuliko tumbo la mtoto. Chupa iliingia pale ambapo mikono ya kumsaidia mama ilikuwa imepungua.

Kwanza tueleze tatizo lenyewe. Waswahili wengi huliita chango au msokoto wa tumbo. Mwaka 1954 daktari wa watoto wa Marekani, Morris Wessel, pamoja na wenzake walitoa kipimo kinachotumika mpaka leo: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Mwaka 1962 T. Berry Brazelton alichapisha matokeo ya kufuatilia watoto 80 ambao mama zao waliandika muda wa kulia kila siku. Aligundua kuwa kilio huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Kwa watoto wengi hali hii huisha wanapofika miezi mitatu au minne. Jambo hili ni muhimu kwa mwanahistoria. Kama kilio hupungua chenyewe, basi dawa yoyote inayotolewa wiki ya saba itaonekana imeponya. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa hizi kudumu kwa miaka mingi hata pale ambapo hazikuwa na faida.

Uingereza ya karne ya 19 inatupa mfano wa kwanza. Katika miji ya viwanda kama Manchester na Nottingham, wanawake wengi walifanya kazi za viwandani au za kushona nyumbani kwa ujira mdogo. Watoto waliachwa kwa wazee au kwa wasichana wadogo waliolea watoto kadhaa kwa pamoja. Dawa iliyopendwa iliitwa Godfrey's Cordial. Ilikuwa na afyuni iliyochanganywa na sharubati tamu. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, aliitaja dawa hiyo miongoni mwa vitu vilivyodhuru watoto wa maskini. Mtoto aliyenyweshwa afyuni alinyamaza kweli. Lakini alinyamaza pia alipokuwa na njaa, kwa hiyo hakunyonya, akakonda, na wengine hawakuamka tena.

Marekani nayo ilikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, iliyoanza kuuzwa mwaka 1849 huko Maine. Matangazo yake yalionyesha mama mwenye furaha na watoto watulivu. Ndani ya chupa mlikuwa na mofini. Kwa muda mrefu mama aliyeinunua hakuwa na njia ya kujua hivyo, kwa sababu hakukuwa na sheria iliyomlazimisha mwenye kiwanda kuandika yaliyomo. Sheria hiyo ilikuja mwaka 1906. Mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka dawa hiyo katika orodha ya dawa zinazoua watoto. Hata hivyo, iliendelea kuuzwa kwa miaka kadhaa baada ya hapo.

Ni rahisi kuwalaumu mama hao. Mimi sikubali. Mwanamke aliyetakiwa kuwa kiwandani alfajiri, akiishi chumba kimoja na watu wengine, hakuwa na nafasi ya kumbeba mtoto kwa saa sita za usiku. Aliuziwa usingizi kwa bei aliyoweza kulipa.

Chupa aliyoletewa dada yangu ina ukoo na historia hiyo, ingawa si afyuni. Mwaka 1851 William Woodward, mtengenezaji wa dawa, alihamia Nottingham na kuanza kuuza dawa yake iliyoitwa Gripe Water. Alichukua wazo kutokana na dawa iliyotumiwa kutibu watoto homa katika maeneo ya kinamasi mashariki mwa Uingereza, kwani ilionekana kutuliza pia matumbo yao. Mchanganyiko wake ulikuwa mafuta ya mmea wa jamii moja na shamari, magadi, sukari, maji na alkoholi. Dawa hiyo ilisafiri katika makoloni ya Waingereza, na leo chupa za aina hiyo zinapatikana katika maduka ya dawa kuanzia India hadi hapa kwetu. Nchini Uingereza alkoholi iliondolewa katika miaka ya 1990. Baada ya hapo hakuna uthibitisho wa kuridhisha kwamba yaliyobaki humtuliza mtoto kuliko maji matamu. Zaidi ya hayo, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, bila hata maji.

Wataalamu waliopinga chupa hawakuwa na huruma zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 walileta saa. Mwaka 1894 daktari L. Emmett Holt wa New York alitoa kitabu cha malezi kilichofundisha kwamba kulia ni mazoezi ya mapafu, na kwamba mtoto anyonyeshwe kwa ratiba. Huko New Zealand, Frederic Truby King alisaidia kuanzisha chama cha Plunket mwaka 1907. Kazi yake ya kupunguza vifo vya watoto inasifiwa, lakini alisisitiza kunyonyesha kila baada ya saa nne na kutomnyonyesha mtoto usiku, na alionya dhidi ya kumbembeleza mno. Mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson aliwaonya wazazi wa Marekani kuhusu hatari za upendo wa mama uliozidi. Hapa ndipo nilipokumbuka methali yetu. Holt na Watson wangeipenda. Lakini nadhani wangeitumia vibaya, kwa sababu methali ile inamhusu mtoto anayeweza kuonywa akaelewa. Kichanga wa wiki sita hajui kudeka.

Sehemu inayofuata ya historia hii ilitokea hapa Uganda, na inanishangaza kwamba sikuwahi kuisikia shuleni. Mwaka 1954, mwaka uleule Wessel alipotoa kipimo chake, Mary Ainsworth alifika Kampala pamoja na mume wake aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Alikuwa ametoka London, ambako alifanya kazi na John Bowlby kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Kwa msaada wa mkalimani alitembelea nyumba 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwafuata watoto 28. Alikaa sebuleni na mama, akauliza, akasikiliza na kutazama. Alirudi kila baada ya wiki mbili hivi kwa muda wa miezi kadhaa.

Matokeo aliyatoa katika kitabu cha mwaka 1967 kuhusu utoto nchini Uganda. Aliona kwamba watoto waliolia kidogo na kucheza kwa kujiamini mama yao akiwepo walikuwa, kwa kawaida, na mama waliowafahamu kwa undani, walioweza kueleza mambo madogomadogo ya mtoto. Baadaye, huko Baltimore, yeye na Silvia Bell waliwafuatilia watoto 26 kwa mwaka mzima. Mwaka 1972 waliripoti kwamba mama walioitikia kilio haraka katika miezi ya mwanzo walikuwa na watoto waliolia kidogo mwisho wa mwaka. Watafiti wengine walipinga jinsi takwimu zile zilivyochambuliwa, na mjadala ukaendelea. Hata hivyo, hofu kwamba kumwitikia mtoto kunamharibu haikupata ushahidi. Jambo ambalo mama wa Kiganda walikuwa wakilifanya bila kitabu liliingia katika vitabu vya saikolojia vya dunia nzima.

Hata hivyo, tusije tukasema kwamba mbeleko hutibu kila kilio. Mwaka 1986 Urs Hunziker na Ronald Barr wa Montreal waliwaomba baadhi ya mama wawabebe watoto kwa saa tatu zaidi kila siku, hata wasipolia. Watoto hao walipofika wiki sita walilia kwa asilimia 43 chini ya wenzao. Lakini Barr alipojaribu njia hiyohiyo kwa watoto ambao tayari walikuwa na chango, haikuleta tofauti. Kisha mwaka 1991 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi kuhusu Wakung San wa Botswana, ambao walikuwa wakibeba watoto karibu muda wote na kuwanyonyesha mara kadhaa kwa saa. Watoto wao pia walilia zaidi katika wiki za mwanzo. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikuwa kifupi.

Kwa hiyo kilio cha wiki ya sita ni sehemu ya ukuaji wa binadamu. Kinachobadilika kutoka jamii hadi jamii ni muda wa kilio na idadi ya watu wanaosaidia kukibeba.

Niliporudi kwa dada wiki iliyofuata, nilimkuta jjajja yetu amefika kutoka Masaka. Alikuwa na mitishamba ya kumwogeshea mtoto, na mgongoni alikuwa amemfunga kwa mbeleko, ambayo sisi Waganda huiita engozi. Alitembea uani polepole mpaka saa nne usiku. Mtoto bado alilia. Ila dada alikuwa amelala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Ile chupa ilikuwa dirishani, haijafunguliwa.

Kilio kiliisha chenyewe mwezi wa nne. Jjajja hakumponya mtoto, wala hakudai hivyo. Alimwambia dada mambo machache ambayo wauguzi pia husema: mcheulishe baada ya kunyonya, mbebe kabla hajachoka, mpe mtu mwingine unapoona hasira inapanda, na kamwe usimtikise. Akiwa na homa, akikataa kunyonya, akitapika nyongo ya kijani au akitoa damu chooni, mpeleke hospitali hapohapo.

Kwa kuhitimisha, mama wa Manchester wa mwaka 1845 na dada yangu wa Kampala walikaa katika chumba cha namna moja, wakiwa mbali na mama zao, ukuta mwembamba ukiwatenganisha na majirani waliohitaji kulala. Tofauti kati yao ilikuwa nauli ya basi kutoka Masaka, na mtu aliyekuwa tayari kuipanda. Wapo mama wengi mjini ambao hawana jjajja wa kuja. Wale tunaosoma ualimu, uuguzi na sera za jamii tuanze kuwahesabu hao, kabla hatujawalaumu kwa kununua chupa.