Kivuli kama Mbinu ya Usimulizi: Gordon Willis na Riwaya ya Kitale

1.0 Utangulizi

Gordon Willis (1931–2014), mpigapicha wa filamu kutoka New York, alipewa na mwenzake Conrad Hall lakabu ya "Mwanamfalme wa Giza". Lakabu hiyo imemtukuza na pia imempotosha mhakiki, kwani imelifanya giza lake lionekane kuwa pambo tu. Makala haya yanashikilia kwamba giza la Willis ni mbinu ya usimulizi: huamua nani ajue nini, na kwa wakati gani. Dai hilo linapimwa kwa kulinganisha filamu zake na riwaya ya Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, mwandishi aliyezaliwa Bungoma, akalelewa Trans Nzoia, na kufariki mwaka 2020. Haidaiwi kwamba mmoja alimwathiri mwingine. Kinacholinganishwa ni mbinu.

2.0 Giza na mamlaka

Katika The Godfather (1972), Willis alizitundika taa juu ya vichwa vya waigizaji. Mwanga huo wa juu ulifaa vipodozi vilivyomzeesha Marlon Brando. Hata hivyo, tokeo lake lilivuka ufundi. Macho ya Don Corleone yalizama kivulini, na mtazamaji akawekwa katika nafasi ya mwombaji asiyeweza kuisoma nia ya mwenye nguvu. Nje arusi inachezwa juani. Ndani haki inagawiwa gizani. Mwishoni mlango unafungwa mbele ya Kay, mke wa Michael, naye anakatiwa mwanga na maarifa kwa pamoja.

Katika All the President's Men (1976) uhusiano huo unapinduliwa. Chumba cha wanahabari kimejaa mwanga mweupe, ilhali mtoa siri hukutana na mwandishi katika gereji ya chini ya ardhi. Hapa giza linamhifadhi msema kweli. Hivyo basi, giza la Willis halina maana moja iliyokwisha kuamuliwa. Maana yake hutokana na nani amesimama ndani yake.

3.0 Kivuli katika Siku Njema

Kongowea Mswahili anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Kwa kuwa anasimulia kwa nafsi ya kwanza, msomaji naye hutembea katika kutojua kwake. Baba huyo, kama macho ya Don, yu katikati ya kisa na bado haonekani. Kitale si mahali tu katika riwaya hii. Ni upande usiomulikwa, ambao kisa kizima kinauelekea.

Aidha, neno "kivuli" lenyewe lina nyuso mbili: ni ficho, na pia ni hifadhi dhidi ya jua. Msomaji wa Bungoma aliyezoea baraza chini ya mti, na ngano zinazosimuliwa jioni, hana haja ya kufundishwa kwamba penye mwanga hafifu pana mamlaka na pana masimulizi.

4.0 Giza la hiari na giza la kupuuzwa

Urithi wa Willis haupaswi kupokewa bila kuhojiwa. Kwa miongo kadhaa, kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi za picha kwa kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu. Willis alizitia giza kwa hiari nyuso ambazo filamu ilitengenezwa izione. Nyuso za Waafrika mara nyingi zilitiwa giza bila yeyote kukusudia. Out of Africa (1985), iliyompa David Watkin tuzo ya Oscar, iliimulika Kenya ya walowezi kwa jua tele, lakini Waafrika wakabaki pembezoni mwa kisa. Bradford Young, katika Selma (2014), ameonyesha kwamba mwanga mdogo unaweza kuitunza ngozi nyeusi badala ya kuifuta.

5.0 Hitimisho

Willis alitunukiwa Oscar ya heshima mwaka 2009, ingawa filamu mbili za kwanza za The Godfather hazikumpatia hata uteuzi. Funzo lake kwa mhakiki wa fasihi ni la kimbinu. Haitoshi kusema kwamba onyesho au sura ya riwaya ina giza. Sharti iulizwe ni nani aliyelitia giza hilo, linamficha nani, na linamhifadhi nani. Kwa maswali hayo, safari ya Kongowea kuelekea Kitale inasomeka kuwa zaidi ya kisa cha yatima: ni madai ya mtoto kuonyeshwa kile ambacho wakubwa wake walikiweka kivulini.