Daraja, Farasi, na Watu wa Kujitolea: Habari za Moi's Bridge na Nchi Iliyouzunguka

Kila mwaka, hesabu za fedha zikiisha kusomwa, Chama chetu hutenga kurasa chache kwa habari za kale. Mwaka huu tumeona vema kuandika juu ya watu wa kujitolea katika mji wetu na nchi iliyouzunguka, na hasa juu ya swali ambalo limetusumbua katika mikutano: ni nani huheshimiwa, na ni nani husahauliwa? Ili kulijibu hapana budi turudi nyuma, hadi siku ambazo nchi hii ilijulikana kuwa nchi ya farasi.

Mji wetu umezaliwa na daraja. Mto Nzoia, uletao maji ya milima ya Cherangany na Mlima Elgon hata Ziwa Viktoria, ulikuwa kizuizi kikubwa kwa magari ya kukokotwa na maksai yaliyotaka kuvuka kwenda Trans Nzoia. Mwindaji na mlowezi mmoja Mwingereza, Arthur Cecil Hoey, alipata sifa ya kuweka daraja mahali hapa, na kwa miaka mingi mji ukaitwa Hoey's Bridge. Reli ya kutoka Leseru kwenda Kitale, iliyofika Kitale mwaka 1926, ilipita papa hapa. Baada ya Uhuru mji ukapewa jina la Daniel arap Moi. Basi mji umepata majina mawili ya watu wakubwa, lakini mikono iliyokata magogo, ikayaburuta hata ukingoni na kuyalaza juu ya maji, haina jina hata moja katika masimulizi hayo.

Wala nchi yenyewe haikuwa tupu. Uasin Gishu ni jina la Wamaasai waliolisha ng'ombe hapa zamani, na mashimo ya Wasirikwa yangali yakionekana vilimani. Mwaka 1908 walifika Makaburu chini ya kiongozi wao Jansen van Rensburg, watu zaidi ya 200, waliosafiri kwa meli hata Mombasa, kwa reli hata Nakuru, kisha kwa magari ya maksai kupanda nyanda za juu. Walikuja na farasi, na Waingereza waliowafuata wakaleta wengine. Katika nchi pana isiyo na barabara, farasi alikuwa miguu ya mwenye shamba: juu yake alikagua mahindi, alitafuta ng'ombe waliopotea, alimwendea jirani, alimwita daktari. Pakaanzishwa mashindano ya mbio Nakuru, Eldoret na Kitale, na siku ya mbio ikawa sikukuu ya walowezi.

Lakini farasi si mnyama wa kuachwa ajitunze. Katika Afrika ana adui wengi. Mbung'o humwua kwa nagana, na uko ugonjwa mwingine ulioua farasi wengi mno barani, uletwao na visubi wadogo wanaouma kuanzia machweo hata alfajiri. Kwa sababu hiyo desturi ikawa kumwingiza farasi bandani kabla ya jua kuchwa.

Kazi hiyo ilifanywa na saisi. Yeye ndiye aliyeamka kabla ya mapambazuko, akasafisha banda, akapima shayiri, akachunguza kwato moja moja. Farasi aliyerudi akitoka jasho alimtembeza polepole hata apoe, wala hakumpa maji mengi ya baridi mara moja. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo usiku, alimwinua na kumtembeza gizani, maana akiachwa agaegae huenda asiamke tena. Siku ya mbio kikombe kilikwenda kwa mwenye farasi, na makofi kwa mpandaji. Wazungu waliosimamia mbio bila malipo walishukuriwa kuwa ni watu wa kujitolea. Saisi alirudi bandani, kwa kuwa farasi alikuwa bado na kiu.

Jina la mmoja wa watunza farasi limehifadhiwa, nalo latufundisha jambo. Beryl Markham, aliyefundisha farasi wa mbio katika Bonde la Ufa kabla ya kupata sifa kwa kuendesha ndege, alimwandika arap Ruta katika kitabu chake cha mwaka 1942, mtu aliyekua pamoja naye tangu utoto na kufanya naye kazi ya farasi. Twamjua arap Ruta kwa sababu moja tu: yuko aliyeshika kalamu akaliandika jina lake. Hatuna sababu ya kufikiri kwamba yeye peke yake alikuwa hodari. Wenzake walikosa mwandishi.

Ndugu Wanachama, neno lenyewe "kujitolea" limetumiwa kwa upendeleo. Vita Kuu ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, walowezi wengi walikwenda Nairobi wakiwa na farasi na nyumbu wao wenyewe, wakaunda kikosi cha East African Mounted Rifles. Hao waliitwa watu wa kujitolea, na kwa kweli walijitolea. Mwezi wa Novemba mwaka huo baadhi yao walikufa Longido. Hatuwanyimi haki yao. Lakini vita havikuendeshwa na farasi kwa muda mrefu, kwa kuwa mbung'o na magonjwa viliwaua wanyama kwa maelfu. Mzigo ukahamia vichwani mwa Waafrika. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu kuwa wachukuzi wa jeshi, na mwaka 1917 msako ulikuwa mkali zaidi. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo vya wachukuzi zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Sanamu tatu za shaba zilisimamishwa Nairobi mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wachukuzi Waafrika. Maneno yaliyochorwa hapo yanaahidi kwamba wana wa marehemu watayakumbuka majina ya baba zao. Ni ahadi njema. Lakini msomaji akizunguka sanamu hizo pande zote akitafuta jina la baba yake, hataliona. Amepewa wajibu wa kukumbuka jina, ila jina lenyewe halikuandikwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki hiyo yataka mambo mawili. La kwanza, tusimwite mtu wa kujitolea yule aliyeshurutishwa, maana kufanya hivyo ni kuifunika dhuluma kwa sifa. La pili, tusimsahau yule aliyejitolea kweli kwa sababu tu alikuwa maskini.

Na hao walikuwako. Chini ya Sheria ya Wakazi Wenyeji ya mwaka 1918, mtu aliyekaa shambani kwa mlowezi alilazimika kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na baadaye Trans Nzoia siku hizo ziliongezwa. Mtu wa namna hiyo hakuwa na siku nyingi za kutoa. Hata hivyo, alipofariki mgeni mbali na kwao, wenzake walichanga senti, wakachimba kaburi, wakapeleka habari nyumbani. Waliojua kusoma waliwafundisha wengine jioni. Mjini petu walikutana Waluhya, Wanandi, Wateso, Waturkana, Wakikuyu na wengine, na mara nyingi aliyechimba kaburi hakuwa wa kabila la marehemu. Vyama kama chetu vilitoka katika desturi hiyo. Baada ya mwaka 1963, mwito wa Harambee uliwakuta watu waliokwisha kuzoea kuchanga, na shule nyingi za nchi hii zimesimama juu ya mawe yaliyobebwa na kina mama vichwani.

Desturi hiyo ilijaribiwa vikali mwezi wa Januari 2008. Baada ya uchaguzi, jirani alimfukuza jirani, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Kitale. Viwanja vilivyotengwa kuonyesha mifugo na mazao vikawa makao ya watoto na wazee. Wakati huo wa giza walikuwako watu wa Msalaba Mwekundu waliotumika bila mshahara, na walikuwako majirani waliomficha mtu wa kabila jingine, au waliopeleka uji usiku. Wengi wa majirani hao hawakutaka kutajwa, kwa kuwa kutajwa kulikuwa hatari. Leo hatari hiyo imepungua, lakini wenyewe wanazeeka.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu kwa Mkutano Mkuu. Tuwe na Daftari la Watu wa Kujitolea, litakaloandika jina la kila mtu, jina la baba au mama yake, kazi aliyoitenda na mwaka wake. Wanawake waandikwe kwa majina yao wenyewe, wala si "mke wa fulani". Na kila mtu asomewe jina lake mbele ya watu angali hai, kwa kuwa sifa zitolewazo kaburini mwenyewe hazisikii.

Farasi wamekuwa wachache sana katika nchi yetu, na mabanda mengi yamegeuzwa kuwa ghala za mahindi. Wale walioamka alfajiri kuwatunza hatuwezi tena kuwaita wote kwa majina, na deni hilo halitalipika. Lakini wale waliochimba makaburi yetu, waliojenga shule zetu, na waliofungua milango yao usiku wa mwaka 2008, wengi wao tungali tukikutana nao darajani kila siku ya soko. Basi na kalamu ishikwe sasa.