Mtoto Asipolala, Wazee Huulizwa

Ronge iko kwenye vilima vya Taita, upande wa Mwatate, na msitu wake ni miongoni mwa mabaki ya misitu ya ukungu yaliyosalia huko, pamoja na Ngangao, Chawia na Mbololo. Usiku kuna baridi. Mtoto mdogo akiangua kilio saa nane za usiku, mara nyingi anayeamka kumbeba si mama yake bali bibi.

Siku hizi bibi huyo akiomba msaada, maswali yote huwa ya mtoto: amekula nini, ana homa, ametishwa na nani? Wataita wa zamani walianzia kwingine. Mtoto alipougua au kudhoofika, jamaa walitaka kujua ni mkubwa gani aliyeweka hasira moyoni.

Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliieleza imani hiyo kwa kina katika kitabu chake Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978. Hasira ya babu, bibi, mzazi au ndugu wa mzazi iliaminika kuwa na nguvu ya kudhuru: mifugo ingeacha kuzaa, mtoto angeugua. Haikuwa lazima mwenye hasira awe amekusudia mabaya. Mzee aliyeona amepuuzwa, au amenyimwa stahili yake katika mifugo ya ukoo, angeweza kunyamaza na kuendelea na shughuli zake, huku kinyongo kikimfikia mjukuu anayempenda kuliko wote. Mpiga ramli ndiye aliyetafuta chanzo.

Dawa ya hasira hiyo iliitwa kutasa. Mwenye hasira alichukua fundo la pombe, la maji ya miwa au la maji matupu, akalipuliza nje kwa mdomo kama manyunyu, na kati ya fundo moja na jingine akasema maneno: anaiondoa hasira yake, mtoto na apone, nyumba na iwe na amani. Alisema kwa sauti, watu wakisikia. Hapo ndipo penye uzito wa desturi hii. Mkubwa hakuweza kumwachia mtoto mzigo wa ugonjwa huku yeye akikaa kando na neno lake moyoni. Na waliomkosea nao walilazimika kumpa haki yake, la sivyo maneno ya mdomoni yasingetosha.

Tusiipambe. Kutasa hakukuua vimelea vya malaria, na watoto wengi waliokosa usingizi kwa homa walihitaji tiba ambayo haikuwapo. Ramli nayo iliweza kumwangukia bibi asiye na kosa.

Mambo yalianza kubadilika mapema. Wamishonari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Waumini wengi wakaacha kutasa, wakaombea wagonjwa kanisani. Kisha ikaja reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kupita Voi, yakafuata mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate. Wanaume wakashuka kutafuta mshahara, baadaye na wanawake, na malezi ya wadogo yakazidi kuwaelemea wazee.

Bibi wa leo ana maarifa ambayo mama yake hakuwa nayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na saa za kulala na kuamka zisiwe za kubahatisha. Mtoto anayejikuna matakoni usiku huenda ana minyoo. Anayepiga kelele macho wazi, asimtambue anayemshika, kisha asubuhi hakumbuki lolote, kwa kawaida hahitaji kuamshwa kwa nguvu. Alindwe tu asijiumize hadi atulie.

Lakini yapo yasiyoonekana kwa kipimo cha damu. Mtoto wa miaka minne aliyeletwa kutoka Mombasa na kuachwa kwa bibi anaweza kurudia kukojoa kitandani, kupiga wenzake, kukataa taa izimwe. Bibi naye ana lake: pesa za matumizi hazijatumwa, binti aliahidi kuja Pasaka na hakuja. Mazungumzo hayo hufanyika kwa simu, kwa ukali, mtoto akiwa amekaa hapo hapo mapajani, akisikiliza kila neno. Mhudumu wa afya ya jamii akipita nyumba kama hiyo, baada ya kuuliza juu ya chandarua na chanjo, ingefaa amuulize bibi pia ana nini moyoni na nani anadaiwa jibu, kisha mama aliye Mombasa naye apigiwe simu, mtoto akiwa nje anacheza.