Mashua ya joka: Kafi lilivyowaondolea hofu manusura wa saratani ya matiti

MASHUA ya joka ni chombo chembamba chenye urefu wa mita 12 hivi, kilichochongwa kichwa cha joka mbele na mkia wake nyuma. Ndani yake huketi watu 20 wenye makafi, wawili wawili katika safu kumi. Mpiga ngoma huketi mbele akiwatazama, naye mshika usukani husimama nyuma akiongoza chombo.

Asili ya mchezo huu ni Uchina, ambako mashua hizo zimeshindanishwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Hadi leo mashindano hufanyika siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya mwezi mwandamo, kumkumbuka mshairi Qu Yuan ambaye yasemekana alijitosa mtoni. Mwaka wa 1976 Hong Kong iliandaa mashindano ya kimataifa, na maonyesho ya dunia ya mwaka wa 1986 yakaufikisha mchezo huo katika jiji la Vancouver, Kanada.

Ni katika jiji hilo ambapo mchezo huu ulipata maana mpya. Kwa miaka mingi, wanawake waliotibiwa saratani ya matiti walionywa wasibebe mizigo mizito wala kufanya kazi ya sulubu kwa mikono. Sababu ilieleweka: upasuaji na miale huweza kudhuru tezi za kwapani zinazosaidia kuondoa majimaji mwilini, mkono ukavimba na pengine usipone kabisa. Hivyo basi, aliyenusurika kifo alijikuta akiishi kwa kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Dkt Don McKenzie, mtaalamu wa tiba ya michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, aliitilia shaka dhana hiyo. Mnamo 1996 aliwakusanya wanawake 24 waliokuwa wametibiwa ugonjwa huo, akawafanyisha mazoezi ya viungo hatua kwa hatua, kisha akawaingiza katika mashua. Aliuchagua mchezo huo makusudi, kwani kafi hutumia mikono, mabega na kifua bila kusita.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada yalionyesha kwamba hakuna aliyepata uvimbe mpya, wala waliokuwa nao tangu awali hawakuzidiwa. Watu 24 ni wachache, lakini tafiti zilizofuata ziliunga mkono rai yake. Mathalani, utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2009 uliohusisha wanawake 141 ulibaini kuwa kuinua vyuma kwa utaratibu maalumu hakukuzidisha uvimbe.

Jaribio lilikwisha, lakini wanawake wale walikataa kutoka majini. Waliunda klabu iitwayo Abreast in a Boat, na mfano wao ukaigwa. Leo kuna mamia ya vikundi vya aina hiyo katika zaidi ya nchi 30, na tangu 2010 vina tume yao ya kimataifa.

Je, ni furaha gani inayowavuta? Jibu limo katika namna chombo kinavyokwenda. Katika mashua ya joka, nguvu pekee haifui dafu. Wawili walioketi mbele huweka mwendo, na wote walio nyuma yao hutia kafi majini kwa mpigo mmoja. Anayekwenda kwa kasi yake hugonganisha makafi na kuipunguzia mashua mbio. Humo hamna mgonjwa wala wa kuhurumiwa. Kila mmoja anahitajika na mwenzake. Kidole kimoja, wahenga walinena, hakivunji chawa.

Fauka ya hayo, wanachama hawahitaji kusimuliana mengi. Aliyeketi kando yako anajua kovu lilivyo, wala humwelezi.

Kwa anayetaka kujiunga na klabu kama hii, daktari wake ndiye wa kwanza kuulizwa. Kisha jaketi la kuokoa maisha, mkufunzi mwenye ujuzi na mazoezi yanayoongezwa pole pole.

Katika tamasha za manusura, baada ya mbio za mwisho, mashua husogezwa ubavu kwa ubavu na wapigaji makafi wakashikamana. Ngoma hunyamaza. Kisha maua ya rangi ya waridi hutupwa majini, kuwakumbuka wenzao waliowahi kuketi katika safu hizo.