Bunduki ya kupiga picha ndege

Nyinyi mnaofuta picha za kunguru wa feri ya Likoni ati zimetoka ukungu, ngojeni kwanza. Ukifuta hapo hapo, utajuaje kama mkono ulitikisika ama ndege alikushinda kasi?

Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, aliyetaka kujua bawa linapigaje, aliunda kamera yenye umbo la bunduki. Picha 12 kwa sekunde, na simu za kamera hazikuweko! Lakini ndege walitoka wadogo, vivuli tu. Akajaribu kupiga zote kwenye kioo kimoja kikubwa. Sasa mabawa yakapandana. Kasoro hiyo ndiyo iliyompeleka, 1888, kwenye ukanda wa karatasi unaosogea, kila pigo na nafasi yake. Sinema ya ndugu Lumière, 1895, nayo ilitumia ukanda unaosogea.