Malaria ya karatasi: historia fupi ya konje kwa mgonjwa wa mawazo



Leo naleta historia ya neno moja tunalolitumia hapa Kindu kila siku: mawazo. "Ule iko na mawazo mingi." "Ni mawazo ndiyo ilimumaliza." Neno hilo moja linabeba mengi: huzuni isiyokwisha, hofu isiyo na sababu ya kuonekana, usingizi uliokimbia, mwili unaokataa kutoka kitandani asubuhi. Daktari ataita sonona, au depresio. Ile hofu ataiita ugonjwa wa wasiwasi. Sisi tunasema mawazo, na tunaelewana, kuanzia Kasuku hadi Mikelenge na ng'ambo ya mto kule Alunguli.

Lakini kuna mahali ambapo neno hili haliingii kabisa: karatasi ya kuomba konje kazini. Pale tunaandika malaria.

Mimi nilisoma historia, kwa hiyo swali langu ni la historia. Tangu lini? Nani aliamua kwamba mfanyakazi anaweza kupumzika kwa sababu ya homa, lakini asipumzike kwa sababu ya roho iliyolemewa?

Wazungu walikuwa na ruhusa ya kuchoka

Tuanzie gati letu. Mwaka 1902 Baron Empain, tajiri wa Ubelgiji, alianzisha kampuni ya reli tunayoijua kwa herufi CFL. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa reli sehemu za mto Lualaba ambazo mashua haziwezi kupita. Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilimalizika mwaka 1910. Mji wetu wenyewe uliwahi kuitwa Port-Empain. Wazee wetu wengi walifika hapa kwa sababu ya reli ile.

Kwenye kazi ya wakati ule kulikuwa na watu wa aina mbili. Mzungu alikuja kwa muhula, kwa kawaida miaka 3, kisha alirudi Ulaya kwa konje ndefu. Na kama kichwa chake kilichoka kabla ya muhula kwisha, madaktari wa enzi ile walikuwa na jina la kumpa: neurastenia, yaani uchovu wa neva. Jina hilo lilienezwa na daktari wa Marekani, George Beard, kuanzia mwaka 1869. Madaktari wa makoloni wakaliongezea mkia: neurastenia ya nchi za joto. Walilaumu jua, joto na upweke wa porini. Katika makoloni ya Waingereza, Afrika Mashariki ikiwemo, ugonjwa huo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuwarudisha maofisa kwao kabla ya wakati, hasa miaka ya mwanzo wa karne ya 20.

Tazama dalili walizoandika: kukosa usingizi, hasira za haraka, kusahau, huzuni, kushindwa kazi ndogo. Mama yeyote wa soko la Kindu akisikia orodha hiyo atakuambia, "Aah, hiyo ni mawazo."

Na yule aliyebeba mataruma ya reli? Amri ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi kati ya wenyeji na wale walioitwa mabwana wastaarabu ilifanya jambo moja la kutisha. Ilichukua kosa la mkataba na kuligeuza kuwa kosa la jinai. Mfanyakazi mweusi aliyeacha kazi bila ruhusa hakuwa na ugomvi tu na bwana wake. Angeweza kupelekwa gerezani na kulipa faini. Na fimbo ilibaki katika magereza karibu hadi mwisho wa ukoloni. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kuamka kwa ajili ya huzuni aliandikwa mvivu au mtoro. Dalili ni zile zile, lakini mmoja alipewa tiketi ya meli na mwingine akapewa kifungo.

Hesabu ya Mathari

Sasa twende Nairobi, kwa sababu huko ndiko ubaguzi huu ulivalishwa koti la sayansi.

Daktari J. C. Carothers alifika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya Mathari, ya wagonjwa wa akili, na akaiongoza hadi 1950. Alipoanza hakuwa na masomo ya ugonjwa wa akili. Alihesabu Waafrika waliolazwa pale, na katika hesabu yake wenye depresio walikuwa wachache mno. Akatoa maelezo: Mwafrika hajui kujilaumu moyoni, hana mzigo wa wajibu binafsi, na ubongo wake hautumii vizuri sehemu ya mbele. Mwaka 1953 maneno haya yalitoka katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, OMS. Shirika lile lile ambalo katiba yake, iliyotiwa sahihi mwaka 1946, inasema afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na watu.

Wenzangu, tuliosoma somo la kuchambua vyanzo tunajua swali la kwanza: hesabu hii imetoka wapi? Mathari haikuwa mahali ambapo mtu alijipeleka mwenyewe kwa sababu analia usiku. Waliofika pale walikuwa hasa wale waliosumbua wengine: aliyepiga watu, aliyetembea uchi sokoni, aliyekamatwa na polisi. Mama aliyekaa kimya nyumbani, hali, hasemi, halali, hakuna polisi aliyemtafuta. Carothers alihesabu waliopita mlangoni, kisha akatangaza habari za bara zima.

Majibu yalikuja. Mwaka 1961 Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili kule Blida, Algeria, alimtaja na kumjibu katika kitabu Les damnés de la terre. Mwaka 1963 Thomas Lambo wa Nigeria na wenzake wa Marekani walitoa utafiti wao wa vijiji vya Wayoruba: dalili za depresio zilikuwepo, tena si kidogo, hata pale ambapo lugha haikuwa na jina moja la kuziita. Na mwaka 1979 John Orley na John Wing walilinganisha wanawake wa vijiji viwili vya Uganda na wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Depresio ilionekana zaidi Uganda. Tofauti ni ndogo kusema, ila ina maana kubwa: hawa walikwenda kuuliza watu majumbani, hawakungoja mlangoni mwa hospitali.

Sheria iliyotiwa sahihi tukiwa mbali

Turudi kwetu. Kanuni ya kazi ya sasa, sheria namba 015/2002, ilitiwa sahihi Kinshasa tarehe 16 Oktoba 2002. Mnakumbuka Kindu ilikuwa wapi siku ile? RCD ilikuwa imeuteka mji tangu Oktoba 1998, na mwaka 2002 Mai-Mai walikuwa wameuzunguka. Kinshasa ilikuwa kama nchi ingine. Labda ndiyo sababu moja sheria hii imebaki kwetu kama barua iliyofika nyumba ya jirani.

Inasema nini? Kifungu cha 57: kutoweza kazi kwa sababu ya ugonjwa kunasimamisha mkataba. Kusimamisha, si kuvunja. Kifungu cha 60: kwa ugonjwa wa kawaida, mwajiri anaweza kuvunja mkataba tu baada ya miezi 6 mfululizo ya kutoweza kazi, tena kwa kulipa fidia. Kifungu cha 105: wakati mkataba umesimama kwa ugonjwa, mfanyakazi anapata theluthi mbili za mshahara, na posho za familia zote.

Someni vizuri neno lililotumika: ugonjwa. Sheria haikusema ugonjwa wa tumbo, wala wa damu, wala ule unaoonekana kwa mikroskopu. Mlango huo sheria ya 2002 imeuacha wazi. Anayeufunga tena leo hatoki Brussels. Tunaufunga sisi, ofisini mwetu, kwa mdomo wetu: "Ile hapana ugonjwa, ni uvivu." "Depresio ni mambo ya bazungu." Carothers angefurahi kusikia.

"Niandike malaria?"

Nasema hivi kwa sababu imenipata. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi ya takwimu mahali fulani hapa mjini. Jina la pale halina haja. Kwa muda wa wiki nyingi nililala saa mbili, tatu kwa usiku. Moyo ulinidunda nikisikia simu ya shefu. Nilikaa mbele ya kompyuta na tarakimu zikawa kama mchwa. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenichukua kwa pikipiki kunipeleka kwa daktari.

Daktari alinisikiliza vizuri. Akasema wazi kwamba ni depresio pamoja na wasiwasi, na kwamba nahitaji kupumzika wiki mbili kwanza, kisha turudi kuzungumza. Halafu akainua kalamu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kukusaidia: "Niandike malaria? Ndiyo wanakubali bila maneno."

Alikuwa mwema. Wenzangu wengi wa kazi walikuwa na malaria ya namna ile. Mmoja aliipata mara nne kwa mwaka, kila mara baada ya kuripoti kwa bosi. Lakini nikakumbuka Mathari. Kituo cha afya kina rejista. Kila mwezi hesabu za rejista zinapelekwa ofisi ya zone ya afya, na zinaendelea kupanda ngazi hadi Kinshasa. Wanaopanga dawa na mafunzo ya wauguzi wanatazama hesabu zile. Kama mimi ni malaria, na wewe ni malaria, na yule mwalimu wa Alunguli ni malaria, basi miaka 50 ijayo mwanafunzi wa historia atafungua rejista za Maniema na ataandika kwamba watu wa Kindu walipita vita, kuzingirwa na njaa, na roho zao hazikuumia hata kidogo. Atakuwa na vyanzo. Na vyanzo vitakuwa vimedanganya.

Nikamuuliza daktari kama kuna njia ya tatu. Akafikiri, akacheka kidogo, akasema ipo, tena ndiyo ya haki. Katika rejista na fishi yangu aliandika ugonjwa wenyewe. Katika karatasi ya kazini aliandika tu kwamba amenipima, kwamba siwezi kazi kwa siku 14, tarehe, sahihi na muhuri. Jina la ugonjwa halikuwepo. Daktari amefungwa na siri ya kazi yake. Mwajiri anahitaji kujua siku ngapi haupo, hahitaji kujua unalia saa ngapi.

Shefu aliuliza, "Ugonjwa gani huu hauna jina?" Nikamjibu, kwa heshima yote, kwamba jina liko kwa daktari, na kwamba kifungu cha 57 kinatosha kwa sisi wawili. Hakufurahi. Wiki mbili zile nilizilala, nilitembea kando ya mto jioni, nilirudi kwa daktari. Sikupona kwa siku 14; ugonjwa huu haufanyi haraka. Lakini nilirudi kazini na mkataba wangu ukiwa mzima.

Kwa wadogo wanaosaini mkataba wa kwanza

Sitaki mtu asome hapa akafikiri namhukumu yule aliyeandika malaria. Wengi wetu tunafanya kazi bila mkataba wowote, kwa miezi mitatu mitatu, kwa neno la mdomo. Mwenye watoto watano na shefu mkali anajua hesabu yake. Aliye na karatasi anadai haki yake kwa urahisi zaidi, na karatasi ni chache.

Lakini ninyi mnaotoka chuo mwaka huu, mkipewa mkataba, msitazame mshahara tu. Tafuteni ukurasa unaosema habari za ugonjwa. Mkifika kwa daktari na usingizi umekimbia, mwambieni ukweli wote, na muombe rejista yake iandike ukweli, hata kama karatasi ya ofisi inanyamaza. Na mkiwa mashefu siku moja, mfanyakazi akileta karatasi yenye siku na muhuri bila jina la ugonjwa, pokeeni, muambieni "pole," muendelee na kazi.

Babu zetu waliandikwa watoro. Hawakuwa na mtu wa kuwaandikia kwamba wameumwa. Sisi tuna daktari, tuna kalamu, tuna kifungu cha sheria. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba rejista ya Kindu inaandika kile ambacho kweli kilitupata.

Nani kati yenu amewahi kupewa malaria ya karatasi? Siombi majina. Nauliza tu tuko wangapi, maana hesabu ya kweli lazima ianze mahali.