Kucheza na Kuchezwa: Habari ya Kumtayarisha Mwari kwa Ngoma

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja: ni chombo kipigwacho, ni mchezo wenyewe, tena ni mkutano wa watu wauchezao. Lakini yuko mmoja ambaye hasemwi kwamba amecheza tu. Husemwa kwamba amechezwa. Huyo ndiye mwari aliyepitishwa unyagoni. Kwa neno hili lugha yenyewe yatufundisha ya kuwa mtoto hakujileta uwanjani. Wako waliomleta, na hao ndio watakaoulizwa habari zake.

Wa kwanza wao ni kungwi, ambaye pwani huitwa pia somo. Mwari akiwa ndani, mbali na macho ya watu, kungwi humfundisha usafi wa mwili, adabu kwa wakubwa, kazi za nyumba, na kuuzuia ulimi. Mengi ya hayo hayasemwi waziwazi, bali hutiwa katika nyimbo na mafumbo, na wimbo una mwendo wake wa mwili. Basi wimbo, fumbo na hatua ni fundisho moja. Aliyesahau hatua, yaelekea amelisahau na neno lake. Siku ya kutoka huogeshwa, hupakwa mafuta, huvikwa nguo mpya na ushanga, akacheza mbele ya wanawake. Akicheza vema hutuzwa; akikosea, macho ya watu humgeukia kungwi. Wazee wamesema, "Mcheza kwao hutuzwa," maana watoao tuzo ni wale wajuao alilofundishwa.

Tutazame sasa yaliyotokea Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakakaa huko karibu na Wayao na Wamakua. Wamisheni wengi wa zamani zile walisikia ngoma za usiku na nyimbo zitajazo mambo ya mwili, wakaona ni uchafu mtupu, wakawakataza Wakristo wasiende. Walakini katazo halikuwa fundisho. Mwaka 1906, miaka 30 baada ya misheni kuanzwa, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika nchi zile, akaona unyago wa wasichana upande wa Newala, akapiga picha na kuzitia nyimbo katika mitambo ya nta. Ngoma ilikuwa hai bado.

Padre Vincent Lucas, aliyefika huko mwaka 1909, akawa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishika njia nyingine. Hakutaka kuvunja jando, bali kuondoa yasiyopatana na Injili na kuyaacha mengine yabatizwe, kama tuwezavyo kusema. Mwaka 1928 aliieleza njia hiyo katika insha iliyosomwa sana na wamisheni. Kwa wavulana jambo liliendelea, kwa kuwa kasisi aliweza kuingia kambini, akasali nao, akajua lifundishwalo. Kwa wasichana likaanzishwa fundisho lililoitwa malango, nalo lilikuwa gumu zaidi. Sababu yake si mbali: siri ya unyago ilikuwa mikononi mwa wanawake wazee, wala haikuwa halali kwa mwanamume kuijua, awe Mzungu au mwenyeji. Atakaye kukata wimbo mbaya asipojua fumbo lake, hukata pamoja nao fundisho la usafi au la heshima, asijue amekata nini.

Hapa ndipo penye somo letu, ndugu walimu. Twaweza kukosa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiondoa ngoma, tukadhani neno litasimama bila mwili uliolibeba. Ya pili ni kuibakiza ngoma bila neno, kama tufanyavyo tukiwapanga watoto siku ya sikukuu ya shule, wakacheza hatua za mababu mbele ya wageni, wala hapana aliyewaambia maana yake. Mtoto wa namna hiyo amecheza, lakini hakuchezwa.

Basi kabla ya kuuliza ni ngoma gani ifaayo, yatupasa kuuliza kwanza: kungwi wake ni nani, naye yuko tayari kutazamwa mtoto akikosea?